Mbuna wa Duka la Nyali: Samaki Wazima, Majina Ovyo

Duka liko upande wa Nyali, Mombasa, na ukiingia tu macho yanavutwa na ukuta mzima wa matangi ya kioo, safu tatu kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa. Tulichokifuata ni safu ya kati: mbuna, samaki wadogo wa miambani kutoka Ziwa Nyasa, wa njano, wa samawati, wa rangi ya chungwa na wenye milia. Jina la duka tumeliacha. Kasoro tutakazozitaja zimeenea katika maduka mengi ya samaki wa mapambo, na si haki mmoja abebe lawama ya wote.

Hukumu tuitoe mapema. Samaki wa hapa ni wazima, maji yao ni safi na bei inavumilika. Vibao vya majina ndivyo visivyoaminika, na kwa mbuna jina si pambo. Jina ndilo linalokwambia samaki anakula nini, atakua kiasi gani, atampiga nani na atazaa na nani.

Kwa afya, duka linastahili sifa zake. Kila tangi la mbuna lina chujio lake la sponji na wavu wake uliotundikwa pembeni. Maduka mengi huunganisha matangi yote kwa mzunguko mmoja wa maji, kwa hiyo akiingia mgonjwa mmoja, ugonjwa hutembea ukuta mzima. Hapa wavu wa tangi moja hauingii kwenye jingine. Samaki wageni hukaa chumba cha nyuma wiki mbili kabla ya kuuzwa, na mhudumu hakusita kutufungulia mlango tuone. Waliomo dukani wametanua mapezi, wanapumua taratibu, hawajikuni kwenye mawe, na matumbo yao hayakubonyea wala kuvimba. Kinyesi chao ni kifupi na cheusi. Ukiona duka lolote mbuna ana kinyesi cheupe chembamba kinachoning'inia, usinunue samaki hata mmoja katika tangi hilo, hata aliye mzuri kiasi gani.

Sasa majina. Mbuna si jenasi moja (jenasi ni kundi la spishi, yaani aina, za ukoo wa karibu). Ni kundi la jenasi zaidi ya kumi zinazoishi kwenye miamba ya ziwa moja: Pseudotropheus, Maylandia, Labidochromis, Melanochromis, Labeotropheus, Chindongo, Cynotilapia, Tropheops na nyinginezo. Wote ni wa familia ya Cichlidae, yaani sikilidi, ambayo ndiyo familia ya ngege na perege tunaowala, na ndani ya familia hiyo wanakaa kundi moja na fulu wa Ziwa Viktoria. Sikilidi hutambulika usoni: ana tundu moja tu la pua kila upande, pale ambapo samaki wengi wana mawili. Ubavuni, mstari wa hisia umekatika vipande viwili, cha mbele kikipita juu na cha nyuma kikishuka katikati ya mkia.

Kitu kikubwa zaidi hakionekani kwa nje. Kooni mwa sikilidi mna taya la pili lenye meno yake, na hilo ndilo linalosaga chakula. Kwa kuwa kazi ya kusaga inafanyika kooni, taya la mbele limebaki huru kubadilika umbo kulingana na namna ya kutafuta riziki. Mtazame Labeotropheus fuelleborni, ambaye duka hili linaye na, kwa bahati, amepewa jina lake sahihi: mdomo uko chini ya pua yenye nyama, ili aparuze mwani akiwa amelala sambamba na jiwe. Labidochromis ana pua iliyochongoka na meno ya mbele yenye ncha moja, ya kuchokoa wadudu wadogo kwenye nyufa. Maylandia ana meno ya nje yenye ncha mbili, ya kuchana mwani na vijidudu vilivyonasa humo. Wamo hata wanaoishi kwa kung'ata magamba na mapezi ya wenzao, kama Genyochromis mento. Kwa hiyo anayekuuzia mbuna "wote ni sawa" amekuuzia walaji wa vyakula tofauti kwa kopo moja la chakula.

Kuna majina ambayo hayafai kugombewa. Samaki ambaye mtaalamu wa samaki Boulenger alimwandika mwaka 1899 kwa jina la Tilapia zebra alihamishiwa Pseudotropheus, kisha wengine wakamwita Maylandia kwa jenasi iliyoundwa 1984, na wengine Metriaclima kwa jenasi ya 1997, na hadi leo wataalamu hawajakubaliana. Kibao kikiandikwa lolote kati ya hayo, samaki ni yuleyule. Vivyo hivyo mbuna aitwaye demasoni: aliandikwa Pseudotropheus demasoni mwaka 1994, akahamishiwa Chindongo mwaka 2016. Muuzaji mwenye jina la zamani hajakudanganya.

Kisichokubalika ni kibao cha tangi la pili kushoto, kilichoandikwa tu "Waafrika, rangi mchanganyiko". Humo tulihesabu sura tano tofauti, na angalau moja haikuwa ya spishi yoyote. Walikuwa samaki wa njano wanaouzwa kama Labidochromis caeruleus. Caeruleus wa kweli ana njano kali iliyotulia, mwili mwembamba, na mstari mweusi usiokatika unaopita pezi lote la mgongo, pamoja na weusi kwenye mapezi ya tumbo. Wale wa tangi la pili walikuwa na njano iliyoelekea rangi ya pichi, paji lililosimama, mwili mnene, na mstari wa mgongoni uliofifia kama wino ulioingia maji. Hiyo ni alama ya machotara wa caeruleus na Maylandia estherae, wale wa rangi ya chungwa. Spishi za ziwa hili zimetengana majuzi tu kwa kipimo cha maumbile, na nyingi bado zinaweza kuzaa pamoja. Ziwani jike humchagua dume wa rangi na mwenendo wa kwao. Tangini, akikosa dume wa spishi yake, huzaa na aliyepo. Chotara si mgonjwa, na kwa anayetaka rangi sebuleni hana ubaya. Ila hafai kuzalishwa na kuuzwa kwa jina la mzazi wake, na hapo ndipo spishi safi zinapopotea mikononi mwa wafugaji.

Kosa la pili lilitushangaza zaidi kwa kuwa ni jepesi kulirekebisha. Matangi mawili yaliyo jirani yana vibao viwili tofauti, moja lina samaki wa samawati wenye milia, jingine lina wa njano. Ukiwatazama kwa makini, wote ni Maylandia lombardoi. Vijana na majike ni wa samawati, dume akikomaa hugeuka njano. Mnunuzi anayechukua wawili wa njano "ili wasipigane na wale wa samawati" amejinunulia madume wawili wa mojawapo ya mbuna wakali kabisa. Kwa Chindongo saulosi mambo ni kinyume: majike ni ya njano, dume ni samawati mwenye milia myeusi. Mtu asiyejua spishi hawezi kujua jinsia, na asiyejua jinsia hawezi kupanga tangi.

Melanochromis auratus wako tangi la tano, vijana wa sentimita nne, njano yenye milia myeupe na myeusi, wazuri sana. Kila mtoto aingiaye atawaonyesha kidole. Kwa mwenye tangi dogo tunasema wazi: usiwachukue. Dume akitawala hugeuka mweusi mwenye milia myepesi, na tangini hufuata kila kitu kinachotembea. Demasoni nao, wadogo kwa umbo, hawavumiliani wao kwa wao wakiwa wachache. Wachukuliwe kuanzia 12, ukali ugawanyike, au waachwe kabisa.

Tulikuta pia Aulonocara wawili wamechanganywa na mbuna. Hao ni wa ziwa hilohilo lakini si mbuna: huwinda kwenye mchanga kwa vitundu vya hisia vilivyopanuka kichwani, ni wapole, na kati ya mbuna wenye fujo hubaki kujificha pembeni hadi wakonde. Na mtoto mmoja wa Cyphotilapia frontosa, wa Ziwa Tanganyika, alikuwa humo akiuzwa kama "mwenye milia". Huyo hufika sentimita 30 na hula samaki.

Maji ndiyo somo ambalo mnunuzi wa Mombasa anapaswa kulijua kuliko muuzaji. Ziwa Nyasa lina pH (kipimo cha asidi ya maji) ya kama 7.7 hadi 8.6, na joto la tabaka la juu ni kati ya nyuzi 23 na 28 hivi. Kwa pH tuko pazuri, kwa kuwa mji umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi. Lakini ziwa lenyewe halina chumvi ya kuonekana, ilhali visima vingi vya kisiwani na vya karibu na bahari vina chumvi unayoionja ulimini. Juu ya hilo, kisima kilicho karibu na choo cha shimo huwa na nitrati, mabaki ya uchafu uliooza, tangu siku ya kwanza, na kubadilisha maji kwa maji hayo ni kuongeza uchafu. Pima kabla. Kisima chenye nitrati zaidi ya miligramu 40 kwa lita hakifai, tumia ya mfereji. Maji ya mfereji nayo yana klorini: yatie dawa ya sodium thiosulphate, ambayo duka hili huuza katika chupa ndogo, au yaache kwenye pipa wazi yakipulizwa hewa saa 24. Maji ya boza usiyatumie bila kujua yametoka wapi.

pH ya juu ina upande wake mwingine ambao mhudumu hakuutaja. Amonia inayotoka kwenye kinyesi na chakula kilichobaki ina sura mbili, moja sumu na nyingine si sumu sana. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu iliyo sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8, joto lilelile, inapita asilimia 5. Maji yakipanda joto inazidi tena. Kwa hiyo tangi jipya la mbuna lisilokomaa linaua haraka kuliko tangi la samaki wa maji laini, yasiyo na chokaa. Bakteria wa chujio, wanaoigeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, wanahitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Duka linauza tangi, chujio na samaki siku moja, na huo ndio mwenendo tunaoupinga kwa nguvu zote. Chukua tangi leo, omba kipande cha sponji iliyotumika kutoka kwenye matangi yao, ambacho hutoa bure ukiomba, kisha rudi kwa samaki pale amonia na nitriti zitakaposoma sifuri.

Tangi wanalolipendekeza kwa mbuna ni la lita 100. Dogo. La kuanzia liwe na urefu wa sentimita 120, upana 40 na kimo 45, yaani lita 216, na chujio la kupitisha maji mara sita hadi kumi ujazo wa tangi kwa saa: lita 1,300 hadi 2,160 hivi. Urefu ni muhimu kuliko kimo, kwa sababu mbuna hugawana eneo la chini, si la juu. Tangi hilo hubeba samaki 20 hadi 25 wa spishi tatu zisizofanana rangi, dume mmoja kwa majike matatu au zaidi. Wakiwa wachache mno, mnyonge mmoja hupigwa mchana kutwa hadi afe. Wakijaa kiasi, dume mkali hana wa kumwandama peke yake. Msongamano huo unadai kubadilisha theluthi hadi nusu ya maji kila wiki, bila kukosa.

Mawe ya plastiki yanayouzwa pale kaunta yaache yalipo. Kwa bei ya vipande vitatu utapata mzigo wa mawe ya matumbawe yaleyale yanayojengewa nyumba hapa pwani, yanayochimbwa Kilifi. Yavunje yawe ya ukubwa wa ngumi mbili tatu, yasugue kwa brashi ngumu, yasuuze hadi maji yatoke safi. Ni chokaa, kwa hiyo maji yakianza kuwa na asidi huyeyuka kidogo na kuizuia pH isianguke. Hayataipandisha kupita kiasi, kwani yanaishia karibu na 8.3. Vunja kwa nyundo ncha zenye makali, zisije zikachana samaki wanaokimbizana. Usiokote mawe ufukoni, yana chumvi na viumbe vitakavyooza, na matumbawe hai hayaguswi kabisa. Panga mawe kwanza juu ya kioo cha chini, juu ya karatasi ya plastiki nene, ndipo umwage mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, mbuna watachimba chini yake, na jiwe likianguka litavunja kioo.

Hita wanayosisitiza uchukue huihitaji. Mombasa tatizo ni joto, si baridi. Msimu wa kaskazi tangi lililofungiwa chumbani hupita nyuzi 30, na maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kama miligramu 7.5 kwa lita yakijaa, dhidi ya 8.2 kwa nyuzi 25. Umeme ukikatika usiku katika hali hiyo, tangi lililojaa linaanza kuwa hatarini ndani ya saa chache. Pesa ya hita nunua pampu ya hewa yenye betri inayojiwasha umeme unapokatika. Wanazo, rafu ya chini nyuma ya ndoo.

Chakula wanachouza ni cha aina mbili. Chenye spirulina (aina ya mwani) mwanzoni mwa orodha ya viambato kinafaa. Kile kingine, cha punje nyekundu chenye unga wa nyama na mafuta, ni cha samaki walao nyama wa Amerika Kusini, na mhudumu alikipendekeza kwa mbuna "ili rangi itoke". Mbuna waparuzaji mwani wana utumbo mrefu sana, uliozoea chakula chembamba cha muda wote. Nyama na mafuta hukaa humo, na hapo ndipo uvimbe wa tumbo unapoanza: samaki anakataa kula, anatema chakula, anapumua mbio, kinyesi kinakuwa cheupe, na tumbo likishavimba wengi hawaponi. Akionyesha dalili za mwanzo mtenge, mtie dawa ya metronidazole miligramu 250 kwa lita 40 za maji, badilisha robo ya maji baada ya saa 48 na urudie. Kinga yake ni rahisi: lisha kidogo mara mbili kwa siku kiasi cha kumalizika ndani ya dakika moja, siku moja kwa wiki wasile, na mara kwa mara wape mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto.

Namna wanavyovua samaki inahitaji kurekebishwa. Mhudumu aliingiza wavu kwenye tangi la caeruleus walio safi, akamfukuza jike mmoja aliyekuwa na koo lililotuna, akamtoa. Jike huyo alitema mayai hapohapo, manjano, yakatawanyika kwenye changarawe, na wenzake wakayala. Mbuna jike hubeba mayai mdomoni wiki tatu hivi bila kula vizuri. Huyataga moja moja juu ya jiwe na kuyaokota mara moja. Dume ana madoa yenye umbo la yai kwenye pezi la nyuma ya tumbo, jike huyadonoa, na hapo manii huingia mdomoni mayai yakarutubishwa humo humo. Watoto huachiliwa wakiwa na urefu wa sentimita moja hivi, tayari wanaogelea. Jike mwenye koo lililotuna asiyekula aachwe tangini, au avuliwe usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa mtungi badala ya wavu.

Kwa kusafirisha, njoo na ndoo ya lita kumi yenye kifuniko. Mifuko wanayofungia ni midogo, na ukikwama kwenye foleni ya daraja au ukisubiri feri ya Likoni juani, maji yatachemka. Ukifika nyumbani usimwage maji ya ndoo tangini. Ongeza maji ya tangi kwenye ndoo kikombe kimoja kila dakika tano kwa muda wa dakika 40, kisha watoe samaki kwa wavu, na uzime taa hadi kesho yake.

Dhamana ya duka ni saa 24, na kwa mbuna hiyo ni sawa na hakuna, kwa kuwa amonia na uvimbe wa tumbo huonekana baada ya siku kadhaa. Tulipolijadili, mwenye duka alikubali siku saba kwa anayechukua samaki sita au zaidi, mradi alete picha ya vipimo vya amonia, nitriti na pH vya tangi lake. Hakikisha ameliandika kwenye risiti, pamoja na jina la spishi, si "mchanganyiko".